Uwamuyu wa Kibugu

Kwenye kituo cha chai huko Kibugu, karani alimwaga kikapu cha Joyline juu ya gunia akaanza kutupa majani, mazuri pamoja na mabaya. Joyline akayaokota mazuri, akayarudisha.

"Wewe msichana, punguza uwamuyu," karani akasema.

Foleni nzima ikacheka. Mama yake, Jedidah, hakucheka. Neno hilo likimshika msichana halimwachi, na msichana mwenye uwamuyu hapewi kitu na mtu. Njiani akamweleza lilikotoka.

Wamuyu alikuwa binti ya Gitari, wa kule juu karibu na msitu. Ndoa ilipomshinda alirudi nyumbani, akamwomba baba mistari miwili ya chai, ile aliyoipanda marehemu mama yake. Gitari akainuka. Alienda akasimama katikati ya hiyo mistari, akakunja mikono, akanuna. Kufika Jumapili miguu ilikuwa imeshika mizizi. Baadaye masikio yakachipua chai, chai safi kabisa, na wanawe wa kiume wakawa wanaichuma na kuipeleka kituoni pamoja na ile nyingine. Kiwanda hakikulalamika. Wazee wa kanisa walimtembelea na debe la mbolea, wakamsifu kwa msimamo wake.

Wamuyu naye alikuwa akija, anapiga hodi kwa adabu, anauliza tena. Mzee anasema hapana kutoka ndani ya matawi. Mwisho watu wakachoka. Huyu ana kichwa ngumu namna gani, kumsumbua mzee wa watu mpaka amekuwa mti? Hapo ndipo neno lilipozaliwa. Siku hizi hata mbuzi akipiga teke ndoo ya maziwa, ana uwamuyu.

"Lakini aliyekataa kubanduka si ni mzee?" Joyline akauliza.

"Ni yeye. Na usiulize hivyo mbele ya watu, mama. Nakuomba."

Joyline aliuliza hivyo mbele ya baba yake, Riungu, wakinywa uji, akaongeza kwamba angependa kujua mistari yake mwenyewe ya chai ni ipi. Riungu akaweka kikombe chini. Akatoka, akaingia kwenye chai, akasimama.

Asubuhi Jedidah alimkuta na magome mpaka magotini, anataka maji. Akampelekea. Angefanya nini?

Jirani yao Cicily alikuwa anapita na kikapu. Akamwangalia Riungu, akamwangalia Joyline pale mlangoni, akatikisa kichwa.

"Pole, mama Joyline," akasema. "Kumbe ulizaa uwamuyu."