Dau Dogo la Baba Mkwe

Mtu anayeweka dau kubwa kuliko kapu lenyewe mara nyingi hana kitu mkononi. Hilo alinifundisha Nasma, muuza vitenge wa Kyela mjini, siku aliyoniwekea poka, mchezo wa karata, kwenye simu. Alisema mke kijana asiye na mchezo wake huishia kuchunguza simu ya mumewe, na yeye amechoka kusuluhisha ndoa za wateja.

Ni poka ya bure. Naomba hilo lieleweke mapema, maana mchungaji wetu ana masikio marefu. Chipu ni za kuchezea tu, zikikuishia unapewa nyingine. Unagawiwa karata mbili zako, mezani zinafunuliwa tano za wote, na kila zinapofunuliwa mnaweka dau kwenye kapu. Mwenye karata nzuri anachukua. Au mwenye mdomo mzuri, kwa sababu ukiweka dau la kutisha wenzako wakatupa karata zao, kapu ni lako hata kama umeshika takataka. Huo ndio mkwara, na ndio utamu wenyewe.

"Lakini mkwara una kipimo, shoga," Nasma aliniambia huku akikunja kitenge. "Dau likiwa dogo mno, hakimbii mtu. Likiwa kubwa mno, wanakimbia wale ambao ungewashinda hata hivyo, na anayebaki ndiye atakayekuchinja. Wewe weka nusu ya kapu, uwe na kitu usiwe na kitu. Wasikusome."

Nikajiita Mchele Supa. Mume wangu, Aliko, akafungua meza yetu humo kwenye mchezo, akaipa jina Kyela Kwetu na kuwatumia marafiki kiungo chake, nao wakawatumia wa kwao. Mwenyewe alicheza wiki moja akachoka. Mimi nikabaki. Kila alasiri nikishaanika kakao, nakaa nyuma ya jiko na simu yangu. Siku moja akaingia mezani mtu anayejiita Bwana Kakao.

Balaa lilioje! Kapu likiwa na chipu za kunywea chai, yeye anaweka za kununulia trekta. Watu walitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Mara chache alipopatikana wa kumfuata, karata zake zikifunuliwa unakuta saba na mbili, wala haziendani. Halafu kuna nyakati aliweka dau dogo, la kuombea radhi kabisa. Unasema maskini, leo amechoka, unamfuata, kumbe ameshika ree mbili, karata kubwa kuliko zote. Nilimsoma haraka. Dau kubwa, hana kitu. Dau dogo, kimbia.

Nilimla mpaka nikamwonea huruma. Siku moja nilimwandikia pale mezani, mbele ya wote: "Pole babu, rudi shamba." Nasma alituma vicheko vingi.

Sasa, mchezo huu ukishinda, simu yako inapiga tarumbeta. Alasiri moja nilitupa karata, Bwana Kakao akachukua kapu, na papo hapo nikasikia tarumbeta ikilia ng'ambo ya migomba, kwenye baraza ya baba mkwe wangu. Nikasema labda ni redio. Mkono uliofuata, yaani karata zilipogawiwa upya, nikatupa tena makusudi. Tarumbeta ikalia tena. Mkono wa tatu akashinda Nasma. Kule barazani hapakulia kitu, ila sauti nene ilinguruma: "Mwizi huyu!"

Simu ilinianguka kwenye majivu.

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Mkamwana hatazamani na baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mkamwana anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Jina lake halitaji, ndiyo maana hata hapa hamtalisikia. Wengi wa rika langu wameyaacha hayo, hasa waliokulia mjini. Kwa baba mkwe wangu hapa Bujonde hayajaachwa hata chembe. Nilikuwa nimeolewa mwaka na zaidi, na sikuwahi kumwambia neno moja. Salamu zangu zilipitia kwa mama mkwe, na za kwake zilirudi kwa njia hiyo hiyo.

Na kumbe muda wote huo nilikuwa nakaa naye meza moja kila siku, nikimla chipu zake na kumwambia arudi shamba!

Ningeacha. Mwanamke mwenye akili zake angeacha siku ile ile. Lakini nilikuwa nimeshampenda yule mzee mwenye makelele, na pale mezani ndipo pekee nilipoweza kumjua. Basi nikatafuta njia ya katikati: kila ikibaki mimi na yeye, natupa karata. Nina wafalme watatu, natupa. Nampisha, kama ninavyompisha njiani. Tarumbeta inalia kule barazani, nami nauma mdomo. Anayenijua hasira zangu anajua hiyo haikuwa heshima ndogo.

Faida niliipata, kwa sababu baba mkwe aliishi kama alivyocheza. Aliko alipotaka kufungua kibanda cha kutengeneza simu, mzee alisimama uani akatangaza kwamba atakata mikakao yote, shamba alitoe kwa kanisa, na yeye mwenyewe ahamie Ikombe akafinyange vyungu na wanawake. Mama mkwe alilia. Aliko hakula.

"Usimjibu," nilimwambia. "Hana karata."

"Umejuaje?"

"Najua tu."

Haikupita wiki, mzee akatuma mbao za kujengea kibanda. Hivyo hivyo na magonjwa yake. Akichomwa na mwiba, wanawe wote waitwe agawe mashamba. Mafua yakimshika, anataka mchungaji. Nyumba nzima inakimbia huku na huku, mimi naendelea kupepeta mchele wangu.

Ndipo ikaja siku ile. Aliko alikuwa ameenda Ipinda kukoboa mpunga. Nilikuwa nageuza kakao kwenye mkeka, mama mkwe akapita na sahani ya wali na samaki mbasa, imerudi nzima kama ilivyokwenda.

"Anasema tumbo linamsumbua kidogo," alisema. "Atalala, litapita. Afadhali leo hajatuita tugawane mashamba!" Akacheka, nami nikaona uso wake umepumzika kweli.

Mkono wangu ukasimama juu ya kakao.

"Amesema kwa sauti gani, mama?"

"Sauti ya chini tu, kama mtu mwenye adabu."

"Limeanza lini?"

"Tangu jana, anasema. Kidogo kidogo."

Niliogopa. Bwana Kakao alikuwa ameweka dau dogo. Yule mzee anayeitisha mchungaji kwa mafua alikuwa amesema kidogo, tena kwa sauti ya chini, tena siku mbili.

"Mama, tumpeleke hospitali."

"Kwa kidogo?" Mama mkwe alinitazama kama nimeota pembe. "Mwenyewe amekataa. Aliko akirudi watazungumza."

Nikampigia Aliko. Hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Kule ng'ambo ya migomba palikuwa kimya, na mimi sikuwahi kukichukia kimya kama siku ile. Nilijua vizuri ninachokipima. Nikikosea, nitakuwa mkamwana aliyemvamia baba mkwe wake kwa sababu ya gesi tumboni. Wataimba habari zangu mpaka Ipinda, na mzee mwenyewe hatanisamehe. Nikikaa, na nikawa nimemsoma sawasawa, hakutakuwa na mzee wa kunisamehe.

Nikajifunga kitenge kichwani, nikavuka migomba.

"Gwe!" mama mkwe alipiga kelele nyuma yangu. "Unakwenda wapi? We mkamwana!"

Alikuwa amekaa barazani, amejikunja, jasho limemlowesha shati, na tumbo limejaa kama ngoma. Simu yake ilikuwa sakafuni. Niliinamisha uso nikatazama miguu yake, hiyo ndiyo heshima pekee iliyokuwa imebaki.

"Baba," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake. "Twende hospitali."

"Ni kidogo tu," akajibu.

"Baba, hicho kidogo chako mimi nakijua."

Nilingoja angurume, kwa kweli nilimwomba Mungu angurume, anifukuze, aseme atachoma nyumba. Hakunguruma.

"Basi, ita bajaji," alisema taratibu.

Nilikimbia barabarani huku nalia. Tulipanda, mama mkwe akamshikilia nyuma, mimi nikabana mbele pembeni ya dereva nikiwapa mgongo. Kila shimo tulilopita, nilisikia pumzi ya mzee ikikatika, wala hakulalamika hata mara moja. Mama mkwe naye aliacha kunigombeza tulipofika nusu ya njia. Nadhani naye alikuwa ameanza kukisikiliza kile kimya.

Hospitali walimwingiza moja kwa moja. Daktari alitoka akatuambia utumbo umejisokota, wanampasua sasa hivi. "Mngengoja kesho," alisema, "msingeleta mgonjwa."

Mama mkwe alikaa chini palepale kwenye sakafu. Kisha akaninyooshea mkono, nikakaa kando yake, tukashikana mpaka Aliko alipofika na vumbi la Ipinda kichwani. Alipoelezwa, alinigeukia.

"Umejuaje?"

"Najua tu," nikasema.

Upasuaji ulikwenda salama. Nikawa napeleka uji kila siku. Mama mkwe anauingiza wodini, mimi nabaki nje kwenye benchi chini ya dirisha, maana shida ilikuwa imepita na desturi ilikuwa imerudi mahali pake. Bujonde hadithi walikuwa nayo tayari: mkamwana amemkemea baba mkwe uso kwa uso. Mama mkwe aliwajibu yeye mwenyewe kisimani. "Nanyi utumbo wenu ukijisokota," aliwaambia, "ombeni mpate wa kuwakemea." Sikuwahi kumpenda kama siku ile.

Lakini mimi sikutulia. Kila nilipouliza anaendeleaje, jibu lililetwa lile lile: anaendelea vizuri, maumivu ni kidogo tu. Kidogo! Manesi walifurahi kupata mzee mpole asiye na usumbufu. Mimi sikutaka mzee mpole. Usiku nilimwambia Aliko kwamba baba yake bado hajapona, akaniambia niache kuwa na roho ya wasiwasi. Tuligombana.

Alasiri moja nikiwa kwenye lile benchi, simu ikatetemeka kwenye kitenge. Bwana Kakao ameketi mezani.

Tulikuwa wawili tu. Karata zikagawiwa. Akaweka dau dogo, na mimi, kwa mazoea na kwa hofu, nikatupa. Tarumbeta ikalia ndani ya wodi, juu ya kichwa changu. Kisha maneno yakaanza kutokea kwenye kioo, moja moja, ya mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja.

"Mchele Supa acha kunikimbia."

Nikaisogeza simu karibu na uso.

"Nimecheza karata mjini na mabingwa kabla hujazaliwa. Hakuna aliyewahi kunipisha kila mkono. Duniani anayenipisha hivyo ni mkamwana wangu peke yake."

Nikafunika uso kwa kitenge, peke yangu pale kwenye benchi, kama vile angeweza kuniona. Alikuwa amejua! Alijua tangu nilipoanza kumheshimu, akakaa kimya, akaendelea kucheza na mimi kila alasiri.

"Shamba nitarudi," akaandika. Lile neno langu la siku ile hakuwa amelisahau, mzee yule. Halafu, baada ya muda: "Ndaga."

Ni asante ya kwetu. Nilianza kuandika jibu. Yeye hakunisubiri.

"Cheza."

Karata zikagawiwa tena. Nilipata tisa mbili. Mezani zikafunuliwa karata tatu za kwanza: nne, tano na malkia. Nikaweka nusu ya kapu, kama nilivyofundishwa, nikangoja. Kapu lilikuwa na chipu chache tu, hata chai hazinunui. Bwana Kakao akafikiri kidogo, kisha akasukuma mezani kila alichokuwa nacho. Vyote. Chipu za trekta, za mashine ya kukoboa na za kununua Bujonde nzima.

Machozi yakanitoka. Nesi aliyekuwa anapita aliniuliza kama nimepata habari mbaya, nikatikisa kichwa. Baba mkwe wangu alikuwa amepona.

Nikafuta kioo cha simu kwa pindo la kitenge, na kwa mara ya kwanza tangu nijue yeye ni nani, sikumpisha. Nikamfuata.

Karata zikafunuliwa. Ameshika saba na mbili. Tarumbeta ikalia kwangu, pale kwenye benchi, na dirishani juu yangu ikatoka sauti nene, nzima, ya kuamsha wodi yote:

"Mwizi huyu!"