Mnyama wa Kisimani Hajawahi Kufika Juu

Binti yangu, kitinda mimba, kazi yake ni kuoka mikate, na alikuwa ameacha kulala. Si kwamba alikosa usingizi, aliukimbia. Akisinzia tu, anamwona mnyama akipanda kutoka kisimani, na hapo anashtuka na kuketi, jasho linamtiririka. Ilianza baada ya kumzika mumewe. Msibani hakutoa chozi. Watu walimsifu kwa kujikaza, mimi nikaogopa. Siku aliyosinzia kazini akaegemea mlango wa tanuri na kuungua mkono, nilimwambia, "Sasa basi. Leo mkono, kesho utaingia mzima pamoja na unga."

Hospitali walimfunga bandeji, wakatuelekeza chumba cha mwisho kwenye korido, kwa daktari wa mambo ya nafsi. Chumba kidogo, viti vya plastiki, feni inayolalamika. Daktari mwenyewe binti mdogo tu. Nikajisemea, huyu atatupa vidonge tuondoke. Hakutoa vidonge. Alisikiliza ndoto yote, kisha akauliza, "Huyo mnyama, dada, unamjua?"

"Namjua. Ni wa kwenye hadithi ya Mama."

Daktari akanigeukia. "Bibi, hebu nisimulie na mimi."

Niliona haya, mtu mzima kutoa hadithi za watoto mchana kweupe. Lakini nikatoa. Msichana aliangusha ndoo kisimani. Akaogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, akainama kuchungulia. Kule chini akaona macho yanamtazama. Mnyama akaanza kupanda. Akapanda jiwe, akapumzika. Akapanda jiwe, akapumzika. Hapo huwa naishusha sauti na kuivuta polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto. Nikafanya hivyohivyo, nikaishia hapo.

"Halafu?" akauliza daktari.

"Halafu wanalala."

"Nani?"

"Watoto. Hakuna mtoto aliyeyamaliza mawe yale akiwa macho. Ndiyo kazi ya hadithi yenyewe."

"Na mwisho wake je?"

Mwisho wake siujui. Mama yangu alinisimulia vilevile, nami nikalala palepale. Bila shaka naye alilala kwa mama yake. Maskini mnyama yule, amepanda tangu enzi za bibi zetu na hajafika.

Binti yangu akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu msiba. "Mama, yaani umenilea kwa hadithi isiyo na mwisho?"

"Ulikuwa unakoroma. Ningemwambia nani?"

Daktari naye alicheka, halafu akasogeza kiti karibu. "Dada, kuna mambo tunayazamisha moyoni tukidhani yamekwisha. Yanakaa kule chini, na siku moja yanatafuta njia ya kupanda. Huyu hujui amekuletea nini, kwa sababu kila mara unaamka kabla hajafika. Sikulazimishi. Ila ukiweza, mwache afike. Na usiwe peke yako."

"Na kama anakuja kumla?" nikauliza.

"Ndiyo maana nataka uwepo, Bibi."

"Mimi nitasali."

"Sali. Hapo sikuzidi kitu."

Nilimpenda papo hapo.

Siku ile ile, jua la alasiri likiwa bado dirishani, binti yangu alijilaza kitandani kwangu. "Usiondoke," akasema.

"Niende wapi na magoti haya?"

Nikamshika mkono usioungua, nikaanza. Kwenye mawe akalala. Maisha yangu yote, hapo ndipo ninaponyanyuka kimyakimya na kwenda kuosha sufuria. Safari hii nilibaki. Akapanda jiwe, akapumzika. Nilisema hivyo mpaka nikaona mawe yamekwisha, na mbele sina neno. Nikamwambia Mungu, "Hapa mimi sijui. Endelea wewe."

Chumba kikatulia. Sikuona kitu wala sikusikia sauti. Lakini nilijua hatuko wawili tu, kama unavyojua mtu ameketi nyuma yako hata bila kugeuka. Binti yangu akaanza kuhangaika, akaguna, akanibana vidole. Mkono wangu mwingine ulikwisha kufika begani kwake nimwamshe. Mama gani anatazama tu? Nikaurudisha. Nikaendelea kumshika, nikisali bila maneno. Kisha machozi yakamtoka, macho yakiwa yamefumba.

Aliamka mwenyewe, jua limekwisha kuhama ukutani.

"Amefika," akasema.

"Alikuwa na nini?"

"Ndoo. Ameibeba mdomoni, ameuma mshikio. Imejaa maji, Mama. Kumbe kupumzika kote kule alikuwa anaogopa kumwaga. Na mimi siku zote namkimbia."

"Ukafanya nini?"

"Akaiweka miguuni kwangu. Nikanywa. Yalikuwa ya chumvi."

Hapo ndipo alipomlilia mumewe, kwa sauti, akimwita jina walilokuwa wakiitana wenyewe chumbani. Nami nikalia. Mkwe wangu alikuwa mtu mwema, akifika kwangu anauliza hali ya magoti kabla ya chakula. Tulipochoka tukanawa nyuso, nikachemsha chai, akanywa, akarudi kulala mpaka asubuhi.

Sasa analala kama watu. Bado anamkumbuka mumewe na bado analia, lakini mkono umepona na kwenye tanuri yuko macho. Tulirudi kwa daktari kumshukuru. Naye akatushukuru sisi, akasema hadithi ile amekwenda nayo nyumbani. Mpaka leo nikisali namtaja daktari, na mama yangu aliyenipa mawe yale, na yule aliyeketi nasi alasiri ile. Shukrani zangu sizigawi mafungu, wenyewe watajuana.

Juzi mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu huyu, alinibana, "Bibi, Mama anasema siku hizi hadithi ina mwisho. Leo silali ng'o."

Alilala kwenye mawe. Sikumwamsha, wala sikwenda kwenye sufuria. Niliendelea pale pale, kwa sauti ile ile, mpaka ndoo ikafika juu.