Maji Kabla ya Ufagio

Katika kampuni ya kubomoa majengo, kazi ya Bibi Mpira ilikuwa moja tu: kushika mpira wa maji. Sheria ya mazingira inakataza kuvunja paa la asbesto likiwa kavu, maana vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Basi kampuni ikaajiri mtu wa kumwagia maji, ikampa mpira mrefu kama ulimi wa mbea, kisha ufunguo wa kufuli la bomba ukaning'inia kiunoni mwa nyapara. Kifusi kikilowa kinakuwa kizito, alisema nyapara, na mzigo wa lori moja unageuka wa malori mawili. Bomba lilifunguliwa tu siku afisa wa mazingira alipopita, na siku hiyo hata buibui walioga.

Jina hilo la Bibi Mpira alipewa na kaka yake, aliyekuwa huko juu ya paa na nyundo. Ndiye aliyemtafutia kibarua hicho. Sasa kaka huyo alikuwa kitandani mwaka wa pili, kifua kikimlia kama mlango mbovu, na kila neno lilimgharimu pumzi. Afisa wa mazingira alipoishtaki kampuni, mgonjwa alimwita dada yake karibu.

"Sitaki kitu chao," alisema. "Nataka mkubwa mmoja tu aseme hadharani kosa lilikuwa la nani."

Hilo tu. Na ungedhani ni dogo.

Kampuni ilikuja mahakamani na wakili aliyeng'arisha viatu, na daftari. Humo kila siku ya kazi ilikuwa na tarehe yake, saa za kumwagia maji, na sahihi ya Bibi Mpira. Kila Jumatatu asubuhi nyapara alimletea daftari hilo, naye akatia sahihi za wiki nzima kwa mkupuo, eti ofisini wanalisubiri. Alitia. Angekataaje, kalamu ya nyapara na kibarua cha nyapara? Kwa sababu ya daftari hilo hakuitwa kama shahidi; aliunganishwa kama mshtakiwa wa pili, nyuma ya kampuni.

Hata hivyo alikuwa na turufu yake, au alidhani anayo. Alhamisi moja maji yalikatika mtaa mzima tangu alfajiri hadi jioni, na idara ya maji ilitoa barua ya kuthibitisha. Daftari lilisema Alhamisi hiyo paa lililoweshwa mara tatu. Akasimama kizimbani akayaeleza hayo yote bila kutetemeka, akamalizia kwamba daftari zima ni uongo mtupu. Afisa wa mazingira alitikisa kichwa kukubali.

Wakili alisubiri amalize. "Na sahihi iliyo chini ya uongo huo ni ya nani?"

Aliitazama. Aliijua hata ile herufi ya mwisho anayoipinda.

"Yangu."

Alijaribu kueleza habari za ufunguo, lakini nyapara alikwisha kula kiapo kwamba ufunguo huo hajawahi kuuona. Mnyonge hana haki, walisema wahenga. Hawakusema kwamba anaweza kuinyonga mwenyewe kwa kalamu ya kuazima.

Hakimu akasoma hukumu. Kampuni iliweka utaratibu, ikaajiri mtu, na mtu huyo akaiangusha. Inapewa onyo kali. Mshtakiwa wa pili atatumikia jamii miezi mitatu kwa kufagia viwanja vya mahakama. Kabla hajafunga faili alimtazama juu ya miwani.

"Mama, kwenu hamkufundishwa kwamba maji hutangulia ufagio?"

Walifundishwa. Mama yao aliwahi kumpiga kaka konzi kwa kufagia uani kukiwa kukavu, na yeye akacheka mpaka naye akapata la kwake.

"Tulifundishwa, mheshimiwa."

Nyumbani kaka yake aliinua kichwa kutoka kwenye mto wake. "Wamesema kosa la nani?"

"La kampuni," alijibu. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kumdanganya kaka yake maishani.

Mgonjwa alifumba macho, uso ukamlegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Baadaye dada alimwambia kwamba amepata kazi mahakamani, awe na sababu ya kutoka kila asubuhi.

"Afadhali," kaka alisema. "Huko hakuna vumbi."

Jumatatu alipewa ufagio. Uwanja wa mahakama ulikuwa mpana na mkavu, na pigo la kwanza tu la ufagio liliinua wingu. Karani alitoka mbio, ndoo mkononi, akamsemesha kwa adabu kabisa.

"Dada, nyunyiza maji kwanza. Vumbi linaingia ofisini kwa mheshimiwa, na kifua kinamsumbua."

Bomba lilikuwa pale ukutani. Halikuwa na kufuli. Akaikinga ndoo, akalifungua.