Jabali Alisikia

Aikande anajilaza kwenye kochi mchana kweupe, udongo wa kaburi la mbwa wake ungali kwenye kucha, na usingizi unamchukua na hasira zake zote. Asubuhi Daktari Mfinanga, daktari wa mifugo, alikuja kumpumzisha Jabali, mbwa mzee aliyekuwa akiliwa taya na saratani. Sindano moja tu, mama, alimwambia, atalala, hatasikia kitu. Kumbe akakosa mshipa. Jabali akalia kama mtoto, akachomwa tena, akalegea. Daktari akasema tayari, akafunga mkoba, akaondoka. Aikande alikuwa ameanza kumfukia wakati blanketi alilomviringishia lilipotikisika. Akapiga simu, haikupokelewa, akapiga na kupiga, mpaka daktari akarudi akinung'unika, eti ni misuli tu hiyo, mama, inacheza, akachoma tena, huku macho ya Jabali yakimtazama Aikande mpaka yalipozimika.

Sasa mlango wa sebule unafunguka wenyewe, naye anatoka, na nje hakuna mtaa wake bali barabara, barabara inayozaa barabara, na kila akikata kona anajikuta palepale alipokata kona. Anamtafuta daktari. Barabara inamtupa katika mji wa vioo, kuta vioo, paa vioo, na ndani ya kila kioo Jabali amelazwa, na kila Jabali anamtazama. Mtu mwenye koti jeupe anakuja kumpokea, hana uso, hana macho wala mdomo, ila sauti anayo. Yuko wapi Mfinanga, anauliza Aikande. Yuko pale simu inapoita, anajibu yule mtu. Ni wapi huko? Ni karibu kwa anayeita, mbali kwa anayeitwa. Usinifumbie, anafoka Aikande, nimechoka kubembelezwa kwa maneno! Mbwa wangu alisikia au hakusikia? Aliyelala hasikii. Hakuwa amelala! Basi aliyeamka hasemi.

Aikande anavua kiatu na kukirusha. Kioo kinapasuka, nyuma yake kipo kingine, anakipasua nacho, mikono inamvuja damu wala haimuumi, anapasua huku akiita Mfinanga, Mfinanga, mpaka anafikia kioo kisicho na mbwa ndani yake. Humo yumo mwanamume tu, ameketi kwenye kigoda, kichwa ameinamisha, simu inaita mapajani. Kwa nini hupokei? Nilijua ni wewe, mama. Nilijua hata kabla sijafunga mkoba. Ulijua nini? Sema, ulijua nini? Mahali fulani mlango unagongwa.

Aikande yuko kwenye kochi. Anainuka, anafungua. Daktari Mfinanga amesimama barazani, mikono mitupu, shati limelowa jasho. Mama, anasema, nilikudanganya. Haikuwa misuli. Niliona anapumua, nikaona haya. Alisikia. Nyuma ya daktari kuna njia, na Aikande hawezi kuapa kama ndiyo ile ya kwenda sokoni au ile isiyokwenda popote. Kama bado anaota, basi hataki kuamshwa. Kama ameamka, bado haijamtosha. Rudia, anamwambia. Mama, nimeshasema. Mimi umeniambia, yeye hujamwambia. Geuka, mwambie. Daktari anageuka, analitazama tuta la udongo mbichi kando ya ua. Ulisikia, anasema. Ulisikia, nami nikaondoka. Aikande hajui sauti ile inatoka upande gani wa usingizi. Sema kwa sauti kubwa, anamwambia daktari.