Sauti ya Kinungu

Mdogo wangu alikuwa bado anapambana na herufi moja pale mkurugenzi wa vipindi alipoamua kumsaidia.

"Watoto wanajua ku-s-s-s…"

"Kusoma," akasema mkurugenzi. "Sawa, wanajua kusoma. Lakini hii ni televisheni, dada, si kitabu."

Halafu akanisogezea mkataba, akaweka kalamu juu yake kwa uangalifu, kama mtu anayeandaa meza. Mdogo wangu akafunga mdomo. Alitaka kusema "kusubiri". Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, bega kwa bega, na nililijua neno lile tangu lilipoanza kumpanda kooni. Akanitazama. Mimi nikautazama mkataba.

Miaka kumi na minne imepita, na hasira yangu haijapoa hata kidogo. Watu husema muda ni dawa. Waliosema hivyo hawakuwa chumbani mle.

Kinungu alizaliwa kwenye chumba cha nyuma cha duka la mdogo wangu, ambaye ni fundi cherehani. Kwenye meza yake ya kukatia vitambaa nilisimamisha ubao, nikafunga juu yake kamera iliyotazama chini, na taa mbili pembeni. Mchana nilikuwa nachora mabango ya barabarani. Jioni nachora Kinungu, mtoto wa nungunungu, kwenye karatasi nyembamba, michoro kumi na miwili kwa kila sekunde moja, napiga picha mmoja mmoja. Mteja mnene akiingia dukani, sakafu inatikisika, picha inavurugika, tunaanza upya. Mdogo wangu alikuwa akisema tuandike mlangoni kwamba suruali za wanene zinashonwa Jumapili tu.

Sauti tulirekodi chini ya meza ile ile, katikati ya majora ya vitambaa, maana kitambaa humeza kelele. Nilikuwa nimepanga kutafuta mtu wa kumsemea Kinungu. Mdogo wangu alisoma maneno kwa kujaribu tu, nione kama kipaza sauti kinafanya kazi. Ana kigugumizi tangu utotoni. Alipofika kwenye neno "maji" akakwama, nami nikafungua mdomo nimwambie arudie. Ndipo nikaona miba. Niliiona waziwazi: neno likigoma kutoka, miba ya Kinungu inasimama mmoja baada ya mwingine, mgongo mzima, neno likitoka, yote inalala kwa pamoja, taratibu, kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Nikamwambia asirudie.

Katuni ile ya kwanza ilikuwa ya dakika tatu. Kinungu anakwenda kumwambia jirani yake, fuko, kwamba maji yanaingia shimoni kwake. Neno haliji. Fuko amebeba mzigo. Anautua, anakaa juu yake, anangoja. Hamcheki, wala hamsaidii. Neno "maji" peke yake lilinilia michoro hamsini na sita, na sijapata kuchora kitu bora kuliko ile hamsini na sita.

Tulitengeneza sita kwa miaka mitatu. Mkutubi mmoja aliyekuwa akishonewa magauni dukani alituomba tuzionyeshe maktaba, kwenye ukuta mweupe. Tulisimama nyuma tukiwaangalia watoto. Neno likikwama, chumba kizima kinabana pumzi. Wapo walioegemea mbele midomo wazi, kama wanamsukuma. Neno likitoka, wote wanashusha pumzi. Hakucheka hata mmoja. Mdogo wangu, ambaye shule nzima alipita akijibu maswali kwa kutikisa kichwa, alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Baada ya hapo katuni zikaanza kuhama simu hadi simu, mpaka siku kituo cha televisheni kilipotuita.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa maneno laini. Alisema amezitazama zote sita mara mbili. Alitaka vipindi ishirini na sita, Kinungu awe na marafiki, na shule, na wimbo wake. Kuna jambo moja tu dogo, akasema. Sauti inyooshwe. Wazazi watalalamika kwamba watoto wanaiga, na isitoshe watoto wa siku hizi hawana subira. Muda wote huo alizungumza juu ya sauti hiyo kama vile mwenyewe hayumo chumbani. Mdogo wangu akajikaza, akaanza kumjibu, na yaliyotokea nimeshayasema.

Nikasaini.

Niwe mkweli, maana hasira isiyo na ukweli ni kelele tu. Sikusaini kwa njaa. Nilisaini kwa sifa. Nilikuwa nimechoka kuchora mishale inayowaambia watu wakate kulia. Nilitaka mji mzima ukae chini utazame mkono wangu.

Tukishuka ngazi nilimwambia kwamba nikishaingia ndani nitarekebisha mambo. Akasema, "Sawa, dada." Neno "sawa" halikuwahi kumkwamisha.

Wakamleta mwigizaji wa kike mwenye sauti kama ya filimbi, Kinungu akawa anaongea kama maji ya bomba. Miba yake ikabaki kuwa pambo. Nilivumilia. Mwezi wa nne wakatugawia mchezo wa kipindi cha tatu tuusome pamoja mezani, na humo akatokea mhusika mpya, bata mjinga aliyeitwa Kwamakwama. Akikwama kwenye neno, manyoya yake yanasimama, halafu yanapukutika mpaka anabaki uchi, na wanyama wote wanagaagaa kwa kicheko. Meza nzima ikacheka. Nikauliza bata huyu katoka wapi.

"Kutoka kwako," akasema mkurugenzi, na uso wake ulionyesha kwamba ananipongeza. "Tuliona tusikitupe kitu kizuri."

Nilisimama nikasema yote. Nilisema juu ya maktaba, juu ya fuko aliyetua mzigo, juu ya mdogo wangu. Nilisema kwamba huwezi kumnyang'anya mtu sauti kisha ukamrudishia kama kichekesho. Sijawahi kusema vizuri vile maishani, na haikusaidia kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, kisha akaniambia si lazima nimchore bata mimi, vijana wapo. Nikachukua mkoba wangu. Jina langu walilibakiza, la kwanza kabisa mwishoni mwa kila kipindi, kama mkataba ulivyosema.

Nilikwenda moja kwa moja dukani, ili ayasikie kwangu kabla hayajatoka. Nilimkuta anapinda suruali ya sare. Nikamweleza jinsi nilivyosimama, nilivyowaambia, nilivyoondoka. Nadhani nilitarajia anisifu. Alisimamisha cherehani. Aliyoyasema yalichukua muda mrefu, nami nitayaandika bila vituo vyake, kwa kuwa vituo hivyo ni vyake.

"Yule mwanamume simjui, dada, wala hanijui. Alikosea neno langu kwa sababu hakulijua. Wewe ulilijua."

Akarudi kwenye pindo lake. Kwa miaka miwili tulizungumza habari za nyumbani tu: nani anaumwa, nani kajifungua. Aliponipigia simu mwenyewe, ilikuwa ni yeye aliyejifungua, na nikaenda.

Mfululizo ule ulionyeshwa miaka minne, na mpaka leo unarudiwa kila likizo. Mkurugenzi alistaafu kwa heshima, akahojiwa, akaitwa baba wa Kinungu. Bata Kwamakwama ndiye aliyependwa kuliko wote. Walimtengenezea vikombe.

Mwaka jana binti ya mdogo wangu, aliyekuwa na miaka kumi, aligoma kwenda shule. Alirithi ulimi wa mama yake. Hakutaka kusema sababu, na siku aliposema, mdogo wangu alinipigia simu, akaniambia maneno mawili: "Nenda wewe."

Mwalimu wa darasa alikuwa kijana mpole, mwenye chaki kwenye mikono ya shati. Nilimwambia kwamba wenzake darasani wanamwita mtoto wetu Kwamakwama. Akatabasamu, akanihakikishia kwamba hakuna ubaya, ni utani wa katuni. Hata yeye amekulia kwenye katuni hiyo.

"Ile katuni ni yangu," nikasema.

Uso ukamng'aa. Kabla sijaongeza neno alikuwa ameshanivuta darasani, akawatangazia watoto mimi ni nani, akanikabidhi chaki. Wakaanza kupiga meza: bata, bata, bata. Mtoto wetu alikuwa mstari wa tatu, ameinamia daftari lake.

Niliiweka chaki mezani. Nikawaambia, kwa sauti iliyowanyamazisha, kwamba jina hilo halina mchezo ndani yake, kwamba ni la mtu aliyeibiwa sauti yake, na nikamwambia mwalimu mbele yao kwamba alichokiita utani ni ukatili, na anayeuangalia akacheka ni mkatili pia. Aliomba radhi. Nadhani alimaanisha. Nikaomba ruhusa ya kuondoka na mtoto.

Tulitembea nimemshika mkono. Njiani akauliza kama ni kweli.

"N-ni wewe uliyem-m-mtunga bata, mama mkubwa?"

"Bata walimtunga wengine."

"Na wewe?"

Nilikuwa na majibu mengi, na yote niliyajua kwa moyo, maana nilikuwa nimeyafanyia mazoezi kwa miaka kumi na mitatu.

"Nilikuwepo," nikasema.

Tulipofika kwenye kona ya duka la mama yake aliutoa mkono wake mkononi mwangu, taratibu tu, bila hasira, akahamishia mkoba bega la upande wangu, ukawa kati yetu, akatangulia kuingia.