Sanduku la Mumina

Kila aliyefungua picha ile ya Idil kwenye WhatsApp alitazama hina. Nayo ilikuwa hina ya kutazamwa kweli: maua ya rangi ya kahawa iliyokolea yaliyopanda kutoka vidoleni mwa bibi harusi hadi kwenye viwiko, membamba kana kwamba yamechorwa kwa unywele. Wakiuru hakuyaona. Aliona kilichokuwa chini ya mikono ile, sanduku la kijivu lenye pembe za mviringo na vifungio viwili vya chuma.

"Hilo sanduku ni la nani?" akamwandikia Idil.

"Wewe uko sawa kweli?" Idil akajibu. "Harusi ya binamu yangu, unaniuliza sanduku?"

Lakini Idil alimjua rafiki yake tangu chuo. Chumbani kwa Wakiuru, nyumbani kwao Makongeni, kulikuwa na rafu ambayo mama yake Jecinta aliinunua kwa ajili ya vyombo, na ambayo haikuwahi kuona sahani. Ilikuwa imejaa taipureta za zamani, zile ndogo za kubebwa, kila moja pembeni mwa sanduku lake. Juu ya kila moja ilining'inia kadi: ilikotoka, kilichotengenezwa, kinachokosekana. Mbele ya watu Wakiuru alikuwa msichana wa kujibu kwa kichwa, lakini akishika bisibisi mikono yake haikumwogopa mtu.

Alikuwa na kanuni moja tu. Mashine isiyo na sanduku lake haipandi rafuni.

Zilizopanda zilikuwa kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikaa chini ya kitanda, mashine ya kijani iliyotoka Ujerumani, aliyowekewa na Nzivo, mwokotaji taka wa Dandora aliyejua kwamba kuna msichana Makongeni anayelipia vitu vyenye herufi. Wakiuru aliiosha, akainyoosha, akaitia utepe mpya, ikaandika vizuri kuliko dada zake wote. Kilichobaki ni sanduku. Na kwa mashine ya aina hiyo sanduku si kifuniko tu, maana sakafu yake ina kulabu mbili zinazoidaka mashine kwa chini na kuishika isitikisike. Miaka miwili alikuwa akilitafuta. Sasa lilikuwa Eastleigh, limejaa hina.

Mwenyewe aliitwa Mumina, mchoraji hina anayejulikana mitaa mitatu. Idil alimpeleka Wakiuru nyumbani kwake, wakakaribishwa chai ya maziwa na iliki. Wakiuru alipopewa sanduku mkononi alilipindua, akalinusa, akalifungua, na kwa furaha akasema maneno mengi kuliko aliyosema wiki nzima.

"Ni lenyewe, mama. Rangi ni ya kiwandani. Vifungio ni vyake, kulabu ni zake. Hiki kishikio tu ndicho si chake, mtu amebandika kipande cha ngozi, hata kina vitundu. Lakini hilo si neno. Hicho nitakitoa."

Mumina alinyoosha mkono, akalichukua sanduku lake, akaliweka nyuma ya mto.

"Haliuzwi," akasema.

"Hata tukibadilishana?"

"Kunywa chai yako, binti."

Kwenye ngazi Idil alimgeukia. "Umemwambia nini yule mama?"

"Nimelisifu tu."

Mtu mwingine angekata tamaa. Wakiuru alikwenda Shauri Moyo kwa Laban, fundi anayetengeneza masanduku ya bati wanayobeba wanafunzi wa bweni. Akamweleza: kama la asili halipatikani, basi atengenezewe linalofanana nalo. Laban alimsikiliza nyundo ikiwa begani.

"Niletee vipimo, siz. Sanduku la kusimuliwa sitengenezi."

Ndipo Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana akarudi Eastleigh peke yake, futi ya fundi cherehani mfukoni, na mashine ya kijani kwenye kiondo cha mama yake. Alimkuta Mumina yuko mguu nje mguu ndani, koni za hina zimepangwa sakafuni tayari kuingia sandukuni. Akaomba alipime tu.

"Pima haraka," Mumina alisema. "Yurub ananingoja, anaolewa kesho. Hina yake lazima ikauke kabla ya magharibi."

Wakiuru alipima urefu, upana, kina, na nafasi kati ya kulabu na kulabu. Akaandika. Angefunga daftari hapo na kwenda zake. Lakini sanduku lilikuwa tupu mbele yake, na mashine ilikuwa palepale kiondoni.

"Naomba niiweke mara moja tu, mama. Nione."

Akaishusha kwa mikono miwili. Ilikaa. Kisha, tak, kulabu zikaidaka kwa pamoja. Wote wawili walisikia, na Mumina, bila kutaka, akatabasamu.

"Kumbe lilikuwa na mwenyewe. Haya, itoe, tumechelewa."

Ubavuni mwa sanduku, kwa ndani, kuna kitufe kidogo cha kuziachilia kulabu. Wakiuru alikibonyeza. Hakikwenda. Akakibonyeza kwa vidole gumba viwili, kisha akawasha tochi ya simu na kuchungulia.

"Kuna hina humu," akasema polepole. "Ya miaka mingi. Imekauka kama saruji."

"Yaani unaniambia hina yangu imefunga mashine yako ndani ya sanduku langu."

"Ndiyo, mama."

Mumina alitazama saa ukutani, akamtazama yeye. "Ningekuwa na muda ningekasirika. Beba."

"Si ningebaki hapa nikijaribu? Uende na beseni?"

"Mimi niende harusini bila sanduku? Watauliza kama nimeacha kazi. Beba, na ushike ngazi."

Ilikuwa hatua mia kadhaa hadi kwenye jengo la akina Yurub, lakini walikaa orofa ya nne. Wakiuru alipanda akilikumbatia sanduku zito kama anabeba mtoto aliyelala, na Mumina nyuma yake na beseni la koni. Wanawake waliojaa sebuleni waliwapokea kwa vicheko.

"Mumina, leo sanduku limeshiba nini?"

"Limemeza mashine ya huyu binti."

"Na huyu binti ni nani?"

"Ndiye aliyelilisha."

Wakiuru alikaa pembeni akitamani zulia limfunike. Lakini kazi ilianza, na kazi ya mtu anayeijua ilimtuliza daima. Mumina alitandika kitambaa juu ya kifuniko, akalaza mkono wa kulia wa Yurub hapo, akaanza kuvuta ua la kwanza bila kuchora alama yoyote kabla. Sanduku halikusogea hata kidogo. Uzito wa mashine uliliweka imara kama meza.

"Leo halitetereki," Mumina akakiri.

Mkono wa kulia ulipokwisha, wakaanza wa kushoto. Wakiuru aliyakusanya maneno yake moja baada ya jingine, kama anavyokusanya skrubu kwenye kifuniko cha soda, mpaka yakatosha.

"Mama, siku ile nilikukosea nini?"

Mumina hakuinua macho. "Ulisema nini juu ya sanduku langu? Rudia."

"Nilisema ni zuri. Rangi ni yake, vifungio ni vyake."

"Halafu?"

Wakiuru alilitazama sanduku. Sasa alikiona kishikio kama ambavyo hakukiona siku ile: ngozi nene iliyolainishwa na kiganja kimoja kwa miaka mingi, na vitundu vitatu vilivyofuatana.

"Halafu nikasema nitakitoa kishikio."

"Mshipi wa kaka yangu Abdiwali huo," Mumina alisema, koni ikiendelea kutembea. "Tulikuwa tunakuja kutoka Garissa. Nguo za mama na vyombo vyangu vyote vilikuwa humo ndani, na kishikio kikakatika tukiwa bado mbali. Abdiwali akavua mshipi, akaukata kwa kisu, akashona palepale kando ya barabara. Aliingia Nairobi ameshika suruali kwa mkono."

Sebule nzima ikacheka. Yurub alicheka mpaka Mumina akamwambia atulie, jani litakuwa mti.

"Na sasa yuko wapi?" Wakiuru akauliza.

"Mombasa, anauza matairi. Kwa tumbo alilonalo sasa, mshipi ule usingemfika. Lakini akinipigia simu, kabla ya salamu anauliza: mshipi wangu bado uko kazini?"

Wakiuru aliinamisha kichwa. Yeye aliyekuwa na kadi ya kila mashine, aliyeandika hata kovu dogo la rangi, alikuwa ameshika kitu chenye habari nzima akakiita kipande cha ngozi.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Hukuuliza," Mumina alisema, na sauti yake haikuwa na ukali tena.

Hina ilipokamilika, Yurub akaketi na mikono hewani. Mumina alimimina mafuta ya mkaratusi kidogo kwenye pamba na kujifuta hina iliyoganda kwenye kucha. Ilitoka yote, laini kama matope. Wakiuru alitazama zile kucha.

"Naomba matone mawili ya hayo mafuta."

Alifungua kifuniko, akadondosha mafuta pembeni mwa kitufe kwa njiti ya kiberiti, akangoja. Wanawake walimzunguka kutazama, na safari hii hakuwaona. Akachokoa utando wa kahawia, akadondosha tena, akangoja tena. Hakuwa na haraka. Mikono yake ilijua. Kisha akabonyeza kwa kidole kimoja, na kulabu zikaachia.

Akaitoa mashine na kuiweka kwenye zulia. Sanduku likabaki tupu kati yake na Mumina, na safari hii Wakiuru aliinua uso.

"Mama, kishikio ni chako na hakitoki mikononi mwako. Laban wa Shauri Moyo atakutengenezea sanduku jipya kwa vipimo hivi hivi, liwe na uzito wa kutosha lisitetereke chini ya mkono wa bibi harusi. Mshipi wa Abdiwali uhamie kwenye hilo. Mimi nataka lililobaki tu."

"Na sanduku lisilo na kishikio utalibebaje?"

"Kama nilivyolipandisha ngazi zenu."

Mumina alipitisha kiganja juu ya mshipi. "Lifanye kazi harusi tatu kwanza. Likiniaibisha hata moja, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa."

"Halitakuaibisha," Wakiuru alisema, na akajishangaa kwamba sauti ile ilikuwa yake.

Halikumwaibisha. Laban aliweka bamba la chuma chini kwa uzito, na alipofika kwenye mshipi alishika nyundo ndogo na kukipigilia kishikio kwa misumari ya ribiti, mmoja mmoja, Mumina amesimama juu yake kama mkaguzi. Baada ya harusi ya tatu, simu ya Wakiuru ililia. "Njoo uchukue mzigo wako," Mumina alisema, bila salamu.

Wakiuru alilibeba kifuani kwa miguu kutoka Eastleigh hadi Makongeni, na watu wakampisha wakidhani ni kitu cha kuvunjika. Kwenye droo chumbani kulikuwa na kishikio cha asili ambacho Nzivo alikiokota pamoja na mashine, na ambacho Wakiuru alikuwa amekiweka miaka miwili kikingoja siku hii. Alikitoa, akakipima kwenye matundu. Kilikaa sawasawa. Akakirudisha kwenye droo.

Kisha akaipandisha mashine ya kijani rafuni, ya kumi na mbili, sanduku lake pembeni. Kwenye kadi, mahali pa kinachokosekana, akaandika kwa mashine yenyewe:

Kishikio. Hakijapotea. Kiko kazini, Eastleigh.