Samli Kwenye Difu

Lori letu ulilisikia kabla hujaliona. Lilikuwa la jeshi, masalia ya vita, na mume wangu Donatus alilitumia kubebea magogo ya kuegemeza mashimo ya dhahabu kule Geita. Akitoka msituni, mlio wa lori ulitangulia kufika Buseresere, nami nikapata nafasi ya kusonga ugali na kulalamika. Nililichukia lori lile. Humo ndani hapakuwa na mazungumzo; hata ukitaka kumwambia dereva ana nzi puani, umwoneshe kwa kidole.

Mwaka wa hamsini na tatu, mimba yangu ikiwa kubwa, mlio ukageuka mkwaruzo. Donatus akaingia uvunguni, akaitikisa shafti kwa mkono, akatoka na uso mbaya.

"Beringi za pinioni zimekwisha, Mama Kalisti," alisema. "Tukienda hivi, magurudumu yatakwama njiani."

Kalisti ni mtoto wetu wa kwanza. Nilimzaa nyumbani kwa shida, lori likiwa msituni na hospitali ya misheni ikiwa mbali. Donatus aliporudi alimkuta bado anapumua, akampakata hadi jua lilipozama. Tulimzika, jina likabaki kwetu. Safari hii Donatus aliapa kunifikisha hospitali kabla ya uchungu, na sasa lori lenyewe lilikuwa limelala juu ya magogo, difu, lile bonge la chuma lenye gia katikati ya magurudumu ya nyuma, iko wazi.

Masele mwenye duka ndiye aliyetuletea beringi mpya kutoka Shinyanga mjini. Aliangalia vyuma vilivyopangwa juu ya gunia langu, akacheka.

"Baba Kalisti, hiki ulichokifungua umewahi kukifunga?"

"Nimeona kikifungwa jeshini, kwenye vita vya Bama."

"Kuona," alisema Masele.

Nilitamani kumpiga kwa mwiko, maana alikuwa amesema nililokuwa ninaliwaza. Nikavuta kigoda nikakaa papo hapo, nione mwisho wangu unavyotengenezwa.

Sikuwa nimewahi kuona tumbo la difu. Pinioni ni gia ndogo, meno yake yote yamepinda upande mmoja. Hiyo ndiyo inayopokea nguvu za injini na kuigeuza gia kubwa ya magurudumu. Donatus aliniwekea mapajani niishike wakati anapangusa beringi. Magogo yote yale, milima yote ile, vilisukumwa na kitu ninachoweza kukipakata. Nilishikwa na bumbuazi, nikasahau hata kumsema.

Beringi mpya ikakataa kuingia. Tundu lake lilikuwa dogo kuliko shingo ya pinioni, nayo imetengenezwa hivyo makusudi ili ikishakaa isicheze. Donatus hakuthubutu kuipiga nyundo, ingepasuka. Jeshini waliichemsha kwenye mafuta safi, na ya kwetu yalikuwa machafu, yamejaa mchanga. Nikamwona anakitupia jicho chungu changu cha samli, kisha analiondoa haraka.

Samli ile aliileta mama yangu kutoka Tinde. Ni ya mzazi. Unaitia kwenye uji ukishajifungua, na mtu mwingine haigusi. Donatus hakuiomba, na kutoomba kwake ndiko kulikoniudhi.

"Chukua," nilimwambia. "Ila nisipofika, utakwenda Tinde mwenyewe ukamweleze mama samli yake ililiwa na nani."

Alikiweka chungu motoni, akaining'iniza beringi kwa waya isiguse chini. Harufu ya uzazi ikajaa uani. Ilipopata joto la kutosha aliinyanyua, akaiweka juu ya shingo ya pinioni, akaachia.

Ikashuka yenyewe. Haikugongwa wala kusukumwa. Ilishuka hadi mahali pake, ikalia tik, ikatulia. Masele akavua kofia kama yuko kanisani. Mtoto akageuka tumboni mwangu.

"Imepanuka kwa moto," Donatus alisema kwa sauti ndogo. "Ikipoa itabana."

Walipoirudisha pinioni mahali pake, alikaza nati kidogo kidogo. Aliizungushia pinioni kamba, akaivuta kwa mizani ndogo ya ndoano ya dukani kwa Masele, aone inavyogoma kuzunguka. Ikivutika kirahisi mno, bado imelegea. Ikigoma sana, itaungua. Alikaza, akavuta, akakaza tena, hadi akatikisa kichwa kukubali.

Asubuhi iliyofuata tuliondoka. Mwanzoni nilidhani tunateleza mteremkoni na injini imezimwa, maana ule mlio haukuwapo kabisa; kumbe ulikuwa wa difu, na injini yenyewe ilivuma kwa chini tu. Nilisikia ndege porini. Nilisikia majani yakipangusa mlango.

Kisha nikasikia sauti ya mtu. Donatus alikuwa anaimba, macho yako njiani, midomo haifunguki vizuri. Ulikuwa wimbo wa Kisukuma wa kubembeleza mtoto, ule ule aliomwimbia Kalisti siku ile akiwa amempakata. Aliuimba bila kuutafuta, kama mtu aliyeuzoea. Nikaelewa kwamba miaka yote hiyo, lori likilia, yeye alikuwa anamwimbia mwanawe, na asingesikika hata na aliyekaa ubavuni mwake.

Machozi yalinitoka. Sikumwambia kwamba ninamsikia, angenyamaza. Niliweka mikono tumboni, naye akaimba hadi paa la hospitali lilipoonekana.